Babu Alikuwa Akiba

Shuleni Vita vya Kagera nilifundishwa kwa tarehe. Oktoba 1978 Idi Amin kavamia, Aprili 1979 Kampala imeanguka, funga daftari. Katika tarehe zile hakuna Mtanzania aliyekimbia. Babu yangu wa Somanga alikimbia, na nilikuwa na miaka 22 ndipo aliponiambia.

Kabla ya vita alikuwa mvuvi, na siku za mazoezi mgambo. Mgambo ni akiba ya jeshi. Walipiga kwata chini ya mwembe kwa bunduki za mti, kisha kila mtu akarudi kwenye nyavu zake. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitaka raia wajue kujilinda, lakini pale Somanga, bwana, nani alidhani adui angekuja? Amin alipotangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni yake, na daraja la Kyaka likavunjwa, akiba ikaitwa. Babu na wenzake wakavushwa Rufiji kwa pantoni, maana daraja lilikuja 2003. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 likapita 100,000 kwa muda mfupi, likijazwa na mgambo, polisi, magereza na JKT.

Machi 1979 alikuwa Lukaya, ndani ya Uganda, katika Brigedi ya 201 ya Brigedia Imran Kombe. Karibu brigedi nzima ilikuwa mgambo. Pale barabara ya Masaka kwenda Kampala inakatiza bwawa kubwa la mafunjo. Tarehe 10 wakakutana na askari wa Amin pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi. Walibya wakafyatua Katyusha. Roketi zilipita juu ya vichwa, lakini wengi walikuwa hawajawahi kusikia vita.

“Uliogopa, Babu?”

“Mke wangu, tulikimbia. Mimi matope nimekulia, mikoko ya hapa naijua hata usiku. Nikaingia bwawani, nikalala humo humo mpaka alfajiri.”

Asubuhi wakapangwa upya. Brigedi ya 208 ilikuwa imezunguka na kutokea barabara ya Kampala, 201 ikapiga kwa mbele, Lukaya ikarudi mikononi mwao. Watu ni wale wale! Usiku mmoja tu umepita. Kwangu mimi usiku ule una historia kuliko tarehe zote nilizokariri, na hakuna mtihani uliowahi kuniuliza habari zake.

Vita vilipokwisha nchi iliambiwa ifunge mkanda miezi 18. Babu kufika nyumbani, dukani sabuni hakuna. Bunduki alikwisha irudisha. Haukupita muda filimbi ya mgambo ikalia chini ya mwembe ule ule, naye akaenda, akashika mti kama zamani. Vijana aliwafundisha kwanza kulala kifudifudi. Wakacheka. Aliendelea hivyo hivyo mpaka magoti yalipokataa. Cheti cha vita hana. Ofisi moja aliyokwenda kuulizia ilimjibu jina lake halionekani.

Siku hizi mabasi ya Lindi na Mtwara yanasimama Somanga, abiria wananunua samaki wa kukaanga kupitia dirishani. Nikisubiri langu, Babu akaniuliza kama nitaandika kwamba alikimbia. Nikamwambia ndiyo.

“Andika na kwamba nilirudi. Ila jina usiweke, wajukuu wengine watanitania.”