Maombolezo ya Panya wa Kufugwa

Maombolezo ya panya wa kufugwa ni huzuni inayompata mtu baada ya kufa kwa panya aliyemlea, akamlisha kwa mkono wake na kumzoea. Katika mkoa wa Mara jambo hili ni geni masikioni. Musoma panya anajulikana kwa kudokoa dagaa walioanikwa kando ya ziwa, Bunda kwa kutoboa magunia ya mahindi na mbegu za pamba, na Butiama wenye akiba ya mtama humtegea mtego au humfugia paka. Mtu akisema analia kwa kuwa panya wake amekufa, wengi watacheka kwanza. Kicheko hicho hakimtendei haki. Huzuni huzaliwa na malezi, na ukubwa wake haupimwi kwa sifa mbaya za jamii ya mnyama aliyekufa.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi uko Morogoro. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa likifundisha panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu. Kinda huanza kuzoeshwa watu akiwa na umri wa wiki chache: hubebwa, huguswa, husikilizishwa sauti za magari na za wanadamu. Kisha hufundishwa kwamba akisikia mlio mdogo baada ya kunusa sawasawa, atapewa kipande cha ndizi au karanga. Mafunzo huchukua miezi tisa hivi au zaidi, na mkufunzi humjua kila panya kwa jina na kwa tabia. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa huko mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia mwaka 2016. Alikuwa na uzito wa kilo 1.2 tu, kwa hiyo bomu halikulipuka chini ya miguu yake. Eneo lenye ukubwa wa uwanja wa tenisi alilimaliza kwa nusu saa, kazi ambayo huweza kumchukua mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma hadi siku nne. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu 71 ya kutegwa ardhini na masalia 38 ya silaha. Mwaka 2020 alikuwa panya wa kwanza kupewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA. Alipokufa Januari 2022, wenzake wa kazi walimwombolezea waziwazi, na habari zake zikatangazwa duniani kote. Sikumbuki aliyewacheka.

Atasema mtu: huyo alikuwa askari, aliokoa maisha, panya wa chumbani kwa kijana wa Musoma kaokoa nini? Hoja hii ina uzito, na ni kweli kwamba heshima ya hadharani hutolewa kwa kazi. Wachimbaji wadogo wa Buhemba, wilayani Butiama, wanaovuta vumbi la mawe na hivyo kuwa hatarini kwa kifua kikuu, wana sababu ya kumheshimu mnyama anayeweza kunusa sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20. Lakini heshima na huzuni ni mambo mawili. Mkulima wa Bunda aliyepotelewa na maksai wake wa plau anaweza kununua mwingine mnadani, na deni la shamba likalipika. Bado atamkumbuka yule aliyejua kugeuka mwisho wa tuta bila kuchapwa. Kama hasara ya mali ndiyo ingekuwa chanzo pekee cha majonzi, yangeisha siku ya kununua mbadala. Hayaishi hivyo, kwa sababu kilichokatika ni mazoea ya kila siku kati ya viumbe wawili. Na panya ana uwezo wa mazoea hayo: utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha panya wakimfungulia mwenzao aliyenaswa, hata pale ambapo hawakupata chochote kwa kufanya hivyo. Tena panya wa kawaida wa kufugwa huishi miaka miwili au mitatu tu, basi anayempenda huagana naye mapema.

Pingamizi la afya ni la kweli zaidi, nami nalikubali. Homa ya mgunda, iliyoua watu mkoani Lindi mwaka 2022, huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Panya wa porini au wa darini asikamatwe akafugwa. Aliyekufa ashikwe kwa glavu au mfuko, azikwe shimo refu mbali na kisima, na mikono ioshwe kwa sabuni. Tahadhari hiyo inahusu mwili wake. Haimnyimi mwenye kumlea haki ya kuhuzunika.

Wapo pia wasemao kwamba penye misiba ya watu, machozi ya kumlilia panya ni utovu wa adabu. Lakini anayemlilia panya haombi turubai, rambirambi wala watu wa kukesha. Mwaka 1989 mwanazuoni Kenneth Doka wa Marekani alieleza huzuni ambayo jamii haiitambui, akaonyesha kuwa hulemea zaidi kwa kukosa wa kuipokea. Mtoto ndiye huumia zaidi hapo. Asidanganywe kwamba panya kasafiri, wala asiletewe mwingine wa rangi ileile usiku kwa siri. Aambiwe amekufa, aachwe alie, ashiriki kumzika. Na wewe jirani, ukisikia kilio hicho upande wa pili wa ukuta, mpe pole kama unavyompa mwingine yeyote.