Samaki Mkunje, Usimvunje

Miaka michache iliyopita, nikiwa Sumbawanga, nilimwona kijana wa miaka 16 akipiga kinanda kanisani kwa ustadi mkubwa. Baba yake ndiye aliyemchagulia nyimbo na kupokea malipo yote ya harusini. Alama za fimbo mikononi mwa kijana zilieleza yaliyobaki. Nilipouliza, wazee walinijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Nikanyamaza. Kimya changu hicho ndicho kinachonirudisha kwenye historia.

Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, alisimulia kwamba aliitoroka Zanzibar akiwa na miaka 13 hivi, akikimbia ndoa ya kulazimishwa, akazunguka bara akiimba. Tuzo ya WOMEX ilimfikia mwaka 2005, akiwa ajuza. Safari ile tunaisifu kuwa ya kishujaa, tukisahau kwamba binti yule hakuwa na mlango mwingine wa kutokea.

Wanaoamini kuwa fimbo huzaa kipaji humtaja Michael Jackson. Lakini mwenyewe, mwaka 1993, alimweleza Oprah Winfrey kwamba baba yake alimpiga, na kwamba kuna nyakati alipomwona tu alitapika. Alikuwa na miaka 34, msanii mashuhuri duniani, na hofu ya utotoni ilikuwa bado haijamtoka.

Hapa kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilifungua mlango ambao Bi Kidude hakuupata. Kifungu cha 11 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Cha 13 kinakataza mateso na adhabu za kikatili. Hata hivyo, sheria hiyohiyo haikufuta adhabu ya kumrekebisha mtoto, mradi iwe ya kiasi. Kiasi hicho nani anakipima, ikiwa jirani, mwalimu na mgeni kama mimi wote wamenyamaza?

Maofisa ustawi wa jamii wapo, madawati ya jinsia na watoto ya polisi yapo, na simu ya 116 hupokea taarifa. Vyote hivyo husubiri mtu wa kusema.

Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa wito wa kutupa uchawi. Tuitupe pia tafsiri hii potofu ya methali. Wahenga walisema kukunja; hawakusema kuvunja. Nami nilipaswa kuwakumbusha hayo wazee wale siku ileile.