APC ya gari: kosa liko kwenye vipimo, sio kwenye dawa

Gari imeingia kuoshwa ikiwa na vumbi kwenye dashibodi, imetoka inang'aa. Kesho yake mwenye gari anaona michirizi myeupe imeshuka mpaka kwenye vitufe vya redio. Anafuta kwa kitambaa kikavu, haitoki. Lawama zinaenda kwa dawa, eti feki. Mara nyingi dawa haikuwa feki, ila ilikuwa kali mno kwa kazi ile, au iliachwa ikakaukia pale pale.

Dawa yenyewe ni kile kisafishaji cha matumizi mengi ambacho kwenye dumu kimeandikwa All Purpose Cleaner, mafundi wanaiita APC tu. Dumu moja linaweza kufanya siti, karpeti, milango, injini na matairi, mradi ubadilishe kiasi cha maji. Nyingi ni za alkali, yaani pH yake iko juu ya 7. Alkali ndiyo inayokata mafuta na grisi. Hiyo hiyo inaondoa nta kwenye rangi ya gari, na ikizidi makali inafifisha plastiki na kutia madoa kwenye aluminiamu isiyopakwa rangi. Zenye sodiamu haidroksaidi ziweke mbali kabisa na rimu za namna hiyo.

Dukani, usidanganyike na rangi ya zambarau, povu wala harufu ya limau. Hivyo havisafishi kitu. Tafuta lebo inayosema uchanganye na maji kiasi gani kwa kazi ipi. Dumu lisilo na maelezo hayo liache, hata kama bei yake ni nusu.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. 1:10 ni sehemu moja ya dawa kwa sehemu kumi za maji, jumla sehemu 11. Una chupa ya kupulizia ya mililita 500? Gawa 500 kwa 11: dawa ni kama mililita 45, kinachobaki ni maji. Kuna lebo, hasa za Marekani kama Meguiar's, zinaanza na maji na kuandika 10:1. Ukisoma kinyume umemwaga dawa tupu kwenye gari ya watu. Kumbuka tu kwamba namba kubwa ni ya maji.

Kama lebo haijasema vingine, kwa vumbi la kawaida ndani ya gari anza na 1:20, ambayo kwa chupa ile ni mililita 24 tu. Plastiki za milango zenye alama za viatu na mikono, 1:10. Matairi, ndani ya madigadi na injini yenye mafuta, 1:4, yaani mililita 100. Kukadiria kwa jicho au kwa kifuniko hakufai. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, ni bei ndogo sana. Tia maji kwanza ndipo dawa, povu halitakusumbua. Na kila chupa iandike kwa kalamu ya wino mzito, maana 1:4 na 1:20 ukiziweka pamoja zinafanana kabisa.

Gari iliyoshinda juani usiiguse kwanza. Isogeze kivulini, fungua milango, dashibodi ipoe. Jaribu dawa sehemu isiyoonekana, kwa mfano chini ya siti. Ndani ya gari pulizia kwenye kitambaa, usipulizie dashibodi moja kwa moja, kisha pitisha kitambaa cha pili chenye maji safi. Watu wengi wanaruka hatua hii ya pili, na michirizi inaanzia hapo. Kioo cha redio ya kisasa usikipake APC kabisa. Siti za ngozi zina dawa yake. Siti za kitambaa usizilowanishe sana; sugua kwa brashi laini, vuta maji kwa mashine, acha milango wazi, la sivyo baada ya siku chache gari itanuka uvundo.

Injini iwe imepoa. Funika kwa nailoni altaneta, boksi la fyuzi na mdomo wa kuvutia hewa. Pulizia, sugua, suuza kwa maji yasiyo na presha kubwa kabla dawa haijakauka.

Usichanganye APC na jiki wala na dawa nyingine yoyote ukidhani unaongeza nguvu. Jiki ikikutana na dawa ya tindikali, kama baadhi ya zile za rimu, inatoa gesi ya klorini, na ndani ya gari iliyofungwa hiyo ni hatari kweli. Vaa glovu pia. Anayeshika alkali siku nzima mikono mitupu, ngozi inakauka na kupasuka.

Na kama michirizi imeshatokea, lowanisha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu na ufute mara tatu nne. Mabaki ya dawa yatalainika na kutoka. Plastiki ikikauka na alama bado ipo, basi imeshababuka, na zile dawa za kurudisha weusi zitaificha kwa muda tu.