Mlango wa Malalamiko

Tarehe 5 Novemba 2002, wapiga kura wa jimbo la Colorado, Marekani, walipitisha Marekebisho ya 27 ya katiba ya jimbo lao. Yaliweka viwango ambavyo hata mtu asiyesomea sheria angevielewa: mtu mmoja asimchangie mgombea ugavana zaidi ya dola 500 kwa uchaguzi mmoja, wala mgombea ubunge wa jimbo zaidi ya dola 200. Anayechelewesha taarifa ya fedha zake za kampeni alipe faini ya dola 50 kwa kila siku inayopita.

Lakini ukitaka kujua jinsi marekebisho yale yalivyowagusa watu wa kawaida, ruka viwango hivyo uende kifungu cha 9. Hapo ndipo palipojibiwa swali ambalo kila sheria ya fedha za kampeni hukutana nalo: nani atawashika wanaokiuka?

Jibu la Colorado lilikuwa: yeyote. Mtu yeyote aliyeamini kwamba sheria imevunjwa aliweza kuandika malalamiko na kuyawasilisha kwa Katibu wa Jimbo, ofisa anayesimamia uchaguzi, ndani ya siku 180 tangu kosa analolidai. Katibu alitakiwa kuyafikisha kwa jaji wa masuala ya utawala ndani ya siku 3, na jaji aanze kuyasikiliza ndani ya siku 15. Katibu hakuwa na ruhusa ya kuuliza kama malalamiko yana mashiko au ni chuki tu. Alikuwa tarishi. Mlalamikaji ndiye aliyesimama mbele ya jaji kama mwendesha mashtaka.

Tusiharakishe kuwacheka walioandika kifungu hicho. Katibu wa Jimbo wa Colorado huchaguliwa kwa kura, na hugombea kwa tiketi ya chama. Kumwachia mwanasiasa aamue ni mwanasiasa gani achunguzwe ni sawa na kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Mlango ukiachwa wazi kwa kila raia, hakuna mkubwa atakayelindwa na wenzake. Kwa mtu anayesoma sheria hii akiwa mbali, hoja hiyo ni nzuri sana.

Kilichosahaulika ni kwamba mlango ulio wazi kwa kila anayetaka kushtaki, uko wazi pia dhidi ya kila anayeweza kushtakiwa.

Mwaka 2006, majirani wachache wa kitongoji cha Parker North walipinga mpango wa kuunganishwa na mji wa Parker. Walifanya ambacho majirani hufanya: wakachapisha mabango ya kusimika mbele ya nyumba zao, wakazungumza na wenzao. Wenzao waliotaka muungano wakawasilisha malalamiko kwamba kundi hilo halikujisajili kama kamati ya kampeni wala kutoa taarifa za michango yake. Wakati huo michango yote haikufika dola 1,000. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, ambayo mwaka 2010 ilisema kwamba kwa kundi dogo namna ile, mzigo wa kujisajili na kutoa taarifa ulikuwa mkubwa kuliko faida yoyote ambayo umma ungepata.

Hukumu hiyo iliwaokoa majirani wale. Mlango wenyewe haikuugusa.

Mwaka 2015, katika mji mdogo wa Strasburg, mzazi mmoja alilipia matangazo kwenye gazeti la hapo kwao. Hakufurahishwa na mambo yanayoendelea shuleni, na uchaguzi wa bodi ya shule ulikuwa unakaribia. Matangazo hayakumwambia msomaji amchague fulani. Hata hivyo alilalamikiwa mara mbili na watu wa upande wa uongozi wa shule, kwamba hakujisajili. Mara zote mbili karatasi zilipita kwa Katibu bila mtu kuzichuja. Mama huyo akajikuta anatafuta wakili.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha historia hii. Adhabu ya kweli ilikuja kabla ya hukumu. Mgombea ugavana akilalamikiwa, ana mawakili na mweka hazina. Mzazi ana kazi, ana watoto, na ana tarehe ya kusikilizwa shauri ambayo iko wiki chache tu mbele. Hata akishinda, mwaka unaofuata atafikiri mara mbili kabla ya kulipia tangazo. Chombo kilichotengenezwa ili kuwadhibiti wenye fedha kikawa chepesi zaidi mkononi mwa mwenye muda na kinyongo.

Mama yule akaenda mahakama ya shirikisho. Tarehe 12 Juni 2018, Jaji Raymond Moore aliamua kwamba utaratibu huo wa kumwachia kila mtu kuendesha mashtaka, bila ofisa yeyote wa serikali kuchuja kwanza, unakiuka uhuru wa kujieleza unaolindwa na Katiba ya Marekani. Kwa siku moja, jimbo zima likabaki na sheria ya fedha za kampeni isiyo na njia ya kuitekeleza, na uchaguzi mkuu ulikuwa Novemba hiyo hiyo.

Katibu wa Jimbo wa wakati huo, Wayne Williams wa Republican, alitoa kanuni za dharura mwezi huo huo wa Juni. Mtu yeyote bado angeweza kulalamika, ila sasa ofisi ingesoma kwanza. Je, malalamiko yameletwa kwa wakati? Yametaja kipengele kilichovunjwa? Yana maelezo ya kutosha? Yakipita hapo, na kosa likiwa la kurekebishika, mlalamikiwa apewe nafasi ya kulirekebisha. Yasiporekebishwa, ofisi ichunguze, na ikiridhika, yenyewe iende mbele ya jaji. Mlalamikaji akarudishwa kwenye nafasi ya mtoa taarifa.

Novemba 2018 Williams akashindwa uchaguzi. Ofisi ikachukuliwa na Jena Griswold wa Democratic, na chujio lililotengenezwa na chama kimoja likaanza kutumiwa na kingine. Mwaka 2019 bunge la jimbo likauingiza utaratibu huo kwenye sheria.

Kwa hiyo Colorado ilirudi kwa nyani na ngedere? Kwa kiasi, ndiyo. Ofisi ya mwanasiasa ndiyo inayoamua malalamiko yapi yaende mbele, na hofu ya mwaka 2002 haijapoteza maana. Tofauti ni kwamba ofisi inaweza kuulizwa: inapaswa kufuata vigezo vilivyoandikwa, na mwenye ofisi hurudi kuomba kura kila baada ya miaka 4. Jirani mwenye kinyongo hakuwa na wa kumuuliza.

Siku ukikutana na sheria ya fedha za kampeni, ya nchi yoyote, usiishie kwenye viwango vya michango. Tafuta ukurasa wa malalamiko. Angalia nani anaweza kulalamika, nani anasoma kwanza, na mlalamikiwa asiye na wakili anapewa siku ngapi.