Udongo juu ya paa

Wairaqw, ambao wengi tumezoea kuwaita Wambulu, walikuwa na kinga ya moto kabla nchi haijawa na mkaguzi wa zimamoto hata mmoja. Nyumba yao ya zamani ilichimbwa ubavuni mwa mlima. Paa lilikuwa bapa, la miti na fito, likafukiwa udongo. Kwa mbali huoni nyumba, unaona mlima tu. Walikuwa wakiwakwepa Wamaasai waliofuata ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walilala humohumo ndani. Hata akigundua nyumba ilipo, mwenye mwenge angewasha nini?

Tusiisifu kupita kiasi, maana ndani mlikuwa na nguzo za miti, mifugo na mafiga. Moto ukizuka humo, moshi ungewatangulia watu mlangoni.

Katika karne ya 20 Wairaqw walisambaa kaskazini hadi Karatu na Mbulumbulu. Hofu ya uvamizi ilishapungua, nyumba ikatoka ardhini. Miaka ya 1970 vijiji vya ujamaa vikapanga kaya kwa mistari, na kila mtu akaota bati. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliukemea ulevi huo wa saruji na bati, akapigia debe tofali za kuchoma na vigae. Hoja yake ilikuwa kujitegemea, si moto.

Bati haliungui. Balaa liko chini yake: kenchi za mbao, na kuta za vyumba zinazoishia usawa wa dari. Chumba kimoja kikishika, moto unapita juu ya kuta hizo na kushukia kwa jirani.

Moto wa ndani ya jengo umeshatuumiza: huko Rombo, Juni 1994, moto wa bweni la shule ya Shauritanga uliua wasichana 40. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ilikuja 2007, ikavitoa vikosi mikononi mwa halmashauri na kuwapa wakaguzi meno.

Meno hayo yanahitajika, kwa kuwa Karatu mjini nako ghorofa zimeanza kuota. Ghorofa salama ni masanduku yaliyopangwa juu kwa juu, kila moja likiuzuilia moto wake. Grenfell Tower ya London, yenye ghorofa 24, iliua watu 72 mwaka 2017 kwa sababu moto ulipanda kwa nje, kwenye mabamba ya urembo yanayowaka. Kwetu mwanya wa kupenyea moto huwa mdogo zaidi. Sakafu ya zege ya sentimita 15, nondo zikifunikwa vizuri, huhimili moto zaidi ya saa moja. Kisha anakuja fundi bomba, anatoboa tundu la kupitishia paipu, analipwa, anaondoka bila kuliziba.