Kutoka Kibuyu Hadi Kiroba

Kila mara kijana wa sekondari anapokutwa amelewa, hakosekani mtu wa kusema kwamba pombe si jambo geni kwetu, kwani hata babu zetu walikunywa. Ni kweli, walikunywa. Lakini historia ya pombe Afrika Mashariki haimwungi mkono msemaji huyo. Zamani kijana alikuwa wa mwisho kufikiwa na kata ya pombe, na kilichomsogeza karibu nayo si mila bali ni biashara.

Tuitazame mbege ya Wachagga. Ndizi zilizoiva huchemshwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke, hutiwa uchungu wa gome la msesewe, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Kesho yake hunywewa, na ikikaa sana huharibika. Kazi hiyo ilidai siku nyingi, ndizi nyingi na ulezi ambao ungeweza kuwa chakula cha nyumbani, hivyo mbege haikupikwa ovyo. Ilipikwa kwa ajili ya mahari, tambiko au msaragambo (kazi ya pamoja), na wazee ndio walioamua nani apewe. Kwa Wakikuyu, muratina ya asali au ya miwa, iliyochachushwa kwa matunda ya mwegea, ilikuwa kinywaji cha wazee, na kijana asiyeoa hakutarajiwa kuigusa. Watoto katika sehemu nyingi walikuwa na togwa yao, tamu na isiyolevya.

Wapo watakaosema kwamba wazee hawakulinda afya ya kijana, walilinda ukubwa wao tu. Hoja hiyo ina uzito. Kuwanyima pombe vijana, na mara nyingi wanawake, kulionyesha nani mwenye mifugo, ardhi na kauli. Hata hivyo, nia ya kanuni ni jambo moja na matokeo yake ni jingine. Kijana alifikia utu uzima bila kuzoea ulevi, na hata alipoanza kunywa, pombe yenyewe haikuwa kali. Leo tunayo sababu bora kuliko ile ya wazee. Ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na sehemu ya mbele, inayotuwezesha kupima hatari na kujizuia, ndiyo huchelewa zaidi. Pombe huvuruga kumbukumbu na ujifunzaji wa kijana, na anayeanza kunywa kabla ya miaka 15 yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuwa mlevi sugu baadaye.

Uzio huo wa wazee ulibomolewa na fedha. Mikataba ya Brussels ya 1890 na Saint-Germain-en-Laye ya 1919 ililenga kuzuia pombe kali za kigeni zisimfikie Mwafrika, na serikali za kikoloni zikamhesabu mtu mwenye wajukuu kama mtoto asiyeaminika na chupa. Wakati huohuo, kijana aliyetoka kwenye shamba la mkonge akiwa na mshahara mfukoni hakuhitaji tena ruhusa ya mzee. Mijini, vilabu vya pombe vya manispaa vilimuuzia na kuitajirisha halmashauri. Marufuku ya kibaguzi yalipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Pili, bia ya chupa ikawa alama ya usawa na ustaarabu, na vijana wakajifunza kwamba kunywa ndiko kukua.

Hatua ya mwisho ilikuwa kiroba: pakiti ndogo ya nailoni yenye pombe kali, inayofichika ndani ya soksi, kuchanwa kona kwa meno na kumalizwa kwa mikupuo michache. Hapakuhitajika kilabu, glasi wala shahidi. Tanzania ilipiga marufuku pakiti hizo kuanzia Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Wanaopinga husema marufuku huzaa magendo, na Kenya inawapa ushahidi: chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ilipigwa marufuku mwaka 1980, ikaendelea kupikwa mafichoni, na mwaka 2000 pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 Nairobi. Lakini marufuku yale yalilenga kinywaji chenyewe, kwa watu wote. Kukataza kiroba ni kukataza umbo linalomfaa mtoto, huku mtu mzima akibaki na chupa yake. Sheria ya Kenya ya 2010 ilielekea huko: iliruhusu chang'aa kwa masharti na kukataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Hatuna haja ya kurudisha enzi ya wazee kutawala kila kitu. Tunachohitaji ni kurudisha umbali waliouweka kati ya mtoto na pombe. Kwa hiyo mwanafunzi akikutwa amelewa, tusiishie kumchapa na kumfukuza shule. Aulizwe kwanza aliyemuuzia, na leseni ya muuzaji huyo ifutwe.