Bangi Bado ni Haramu Kisheria: Niliyoyaona River Road

Nilikuwa River Road, Nairobi, nikingoja basi la usiku la kurudi Mombasa, polisi walipompekua kijana aliyekaa karibu nami. Mfukoni alikuwa na msokoto mmoja wa bangi. "Kwani hii si imeshahalalishwa?" akauliza. Akatiwa pingu. Kwa lafudhi yake nilijua ni mtoto wa Pwani.

Ndugu msomaji, haijahalalishwa. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inamtia hatiani anayepatikana na bangi, hata iwe msokoto mmoja. Hapo awali, aliyeithibitishia mahakama kuwa ni ya kutumia mwenyewe aliweza kufungwa hadi miaka 10. Marekebisho ya 2022 yalishusha kifungo hadi miaka 5 na kuongeza faini isiyozidi shilingi 100,000. Lakini mzigo wa kuthibitisha uko kwa mshtakiwa. Akishindwa, adhabu ni nzito zaidi.

Kilichowachanganya vijana ni maneno ya majukwaani. Mwaka 2018, Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitaka mswada wa kuihalalisha; alifariki Julai 2019 bila ya kuuona ukiwa sheria. Mwaka 2021 Warasta walikwenda Mahakama Kuu wakidai uhuru wao wa kuabudu. Mwaka 2022 George Wajackoyah aliwania urais akiinadi bangi kama zao la biashara, asipate hata kura 62,000. Ni kweli Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu 2018 mtu mzima kuitumia faraghani, lakini hiyo ni Afrika Kusini.

Mimi siitetei bangi. Nimeona vijana wa mtaani kwetu wakiharibikiwa nayo. Hata hivyo, sidhani jela humrudisha kijana nyumbani akiwa bora kuliko alivyoondoka.

Akikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata.

Basi letu liliondoka bila ya yule kijana. Wazazi, waambieni watoto ukweli huu kabla hawajapanda basi la Nairobi, wasije wakaujulia kituoni.